Maswali ya Wasomaji: Mkanda wa Rangi Ubavuni mwa Daladala

SWALI: Nimehamia Dar es Salaam hivi karibuni, na kila nikisimama kituoni naona wenyeji wanalitambua gari lao likiwa bado mbali, hata kabla kibao cha mbele hakijasomeka. Wanatazama nini? (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Wanatazama mkanda. Daladala nyingi za jiji hili zimepakwa rangi nyeupe, na ubavuni zimezungushiwa mkanda wa rangi uliopangiwa ruti yake, huku majina ya vituo viwili vya mwisho yakiandikwa mbele na mara nyingi ubavuni pia. Anayepanda gari la ruti moja kila siku hana haja ya kusoma, kwani jicho lake huudaka mkanda kama mvuvi anavyolitambua tanga la mwenzake.

Kwa sisi tunaoyapenda magari haya, mkanda una mengi zaidi ya kuonyesha ruti. Gari likihamishwa, mkanda mpya hupakwa juu ya ule wa zamani, na pale kwenye ukingo wa mlango, ambapo konda hushika kutwa nzima, rangi ya juu hulika na ya chini ikajitokeza. Asubuhi moja katika kituo cha Makumbusho nilisimama kando ya Coaster iliyoonyesha tabaka tatu karibu na bawaba. Konda alinieleza ruti mbili za mwisho bila kusita, lakini ya tatu hakuijua, kwa sababu gari lilikuwa limeipita kabla yeye hajaanza kazi. Ukumbuke kwamba mwezi Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ruti zilizokuwa zikitumia Barabara ya Morogoro kuingia katikati ya jiji zilipangwa upya, na magari yake yakalazimika kutafuta njia nyingine. Ninapoona rangi mbili za zamani chini ya moja mpya, huwa naliwaza jambo hilo kwanza.

Tukiwa hapo mlangoni, tazama pia maandishi. Coaster nyingi huja zikiwa zimetumika Japani, nchi ambayo magari yake huenda upande wa kushoto kama yetu, kwa hiyo mlango wa abiria tayari uko upande wa kituo na hauhitaji kuhamishwa. Baadhi bado zina maandishi ya Kijapani kwenye kioo au juu ya mlango. Ndani, vile viti vya kukunja vilivyokuwa vikiziba njia ya katikati huondolewa ili abiria wapate pa kusimama.

SWALI: Wiki iliyopita nilipanda gari la Tegeta, nikalipa nauli kamili, lakini tulipofika Mwenge konda akasema gari linageuza. Hivi dereva anapata faida gani kutuacha njiani usiku? (Msomaji, Tegeta)

JIBU: Pole sana, na mlikuwa na haki ya kurudishiwa sehemu ya nauli yenu. Kukatisha ruti ni kosa, kwa kuwa leseni ya usafirishaji, ambayo leo hutolewa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kabla ya 2019 ilitolewa na mtangulizi wake SUMATRA, hutaja gari linaanzia wapi na kuishia wapi. Lakini umeuliza faida, na jibu lake limo katika neno moja ambalo kila dereva hulala na kuamka nalo: hesabu.

Dereva na konda wengi hawalipwi mshahara. Tajiri, yaani mwenye gari, huwakabidhi gari alfajiri, nao hutakiwa kumpelekea usiku kiasi kilichokubaliwa, ambacho ndicho hesabu. Mafuta wananunua wenyewe, mpiga debe wanamlipa wenyewe, na kinachobaki baada ya hayo yote ndicho wanachogawana. Kiasi cha tajiri hakipungui kwa sababu ya mvua, foleni au pancha. Sasa jiweke kwenye usukani saa moja jioni: watu wamejaa Kariakoo na Posta wakitaka kurudi makwao, huku upande wa kutoka Tegeta kwenda mjini hakuna abiria wa kutosha. Kila kilomita unayorudi na viti vitupu inakula mafuta yako, siyo ya tajiri, na ukigeuza Mwenge unawahi kujaza gari mara nyingine kabla watu hawajaisha vituoni. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayomfanya konda awazibie wanafunzi mlango kwa mkono, kwa kuwa nauli yao ni ndogo na nafasi anayosimama mwanafunzi ni ileile ya mtu mzima.

Simtetei aliyewashusha. Nimewaona pia madereva wa ruti ndefu wanaofika mwisho kila safari, na abiria wao huwajua kwa majina na huliacha gari lililotangulia ili wawasubiri. Ila adhabu ya barabarani humfikia dereva, na mara nyingine yule uliyemkuta usukani ni deiwaka aliyepokea gari kwa safari mbili tatu tu ili mwenye kazi apumzike, ilhali mapatano ya hesabu, ambayo mara nyingi hufanywa kwa mdomo bila karatasi, hubaki vilevile. Mikataba ya maandishi yenye mshahara ingepunguza kugeuza kuliko faini, na hilo naliamini kwa dhati.

SWALI: Je, jina daladala limetokana na dola ya Marekani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Limetokana na dala, sarafu ya shilingi 5 kwa lugha ya mtaani ya wakati ule. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, liliposhindwa kuwabeba wakazi wote wa jiji, serikali iliwaruhusu watu binafsi kuingiza magari yao mwaka 1983, na makonda wakawa wakiita nauli: dala, dala! Majirani zetu wa Kenya walipitia njia hiyohiyo, kwani matatu imetokana na vipande vitatu vya senti 10.

SWALI: Nikifika Unguja naona magari yana namba. Nizisomeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Tazama tarakimu ya kwanza. Tano ni mjini na vitongoji vyake, kama 502 ya Bububu na 505 ya uwanja wa ndege. Moja huelekea kaskazini, na humo utaikuta 116 ya Nungwi, 117 ya Kiwengwa na 118 ya Matemwe. Tatu hushuka kusini: 309 Jambiani, 310 Makunduchi, 326 Kizimkazi. Ukibahatika, chagua gari la bodi ya mbao lenye mabenchi mawili marefu yanayotazamana, la aina ambayo Dar es Salaam tuliiita chai maharage, kwa kuwa abiria walikaa uso kwa uso kama wateja kwenye meza ya mama ntilie. Kaa karibu na nyuma ili upate upepo, na uweke mzigo wako mapema, kwa maana utapandishwa juu ya paa pamoja na ndizi na baiskeli za wengine, na utashuka kwa mpangilio wa vijiji.