Mwanangu Somoe, kuhusu Jumatano

Mwanangu Somoe,

Salamu zako zimefika. Huku Newala wazima, mguu wa baba yako ndio ule ule.

Umeuliza ubebe karatasi gani Jumatano kwa afisa ustawi wa jamii aliyekuita kwa habari ya Hamza na mdogo wake. Beba kadi ya kliniki ya mdogo, cheti cha kuzaliwa cha Hamza na madaftari yake ya shule. Basi. Lakini chini kabisa ya ujumbe umechomeka kwamba mjomba wako amejitolea kukusindikiza, maana yeye anajua kuongea na serikali. Hilo ndilo limeninyima usingizi.

Anajua kuongea, nani anabisha? Unaukumbuka mwaka wa kidonda chako, tulipohamia shambani kuokota korosho ukakosa shule mpaka msimu ukaisha? Wewe unakumbuka kidonda. Mimi nakumbuka lile benchi la ofisini. Nilipoitwa nilikwenda na mjomba wako, kwa sababu kwetu watoto wa dada ni wake na hakuna aliyewaza vingine. Akaulizwa yeye. Mtoto asubuhi anakula nini? "Anakula vizuri." Kidonda anakisafisha nani? "Kinasafishwa." Na mimi niliyekuwa nachemsha maji ya chumvi kila jioni, nikakufunga kwa kipande cha kanga yangu, nimekaa pembeni nimekupakata. Mwisho yule bwana akanigeukia: na wewe mama? Nikafungua mdomo, kaka yangu akakohoa. Karatasi ilipokuja kusomwa: mama hana la kuongeza. Mimi! Sina la kuongeza!

Anayejua mtoto jana kalala wapi ndiye aseme. Nakwambia hivyo tangu Hamza anazaliwa.

Halafu nikishamaliza kumlaumu najiuliza, ada yako ya sekondari ilitoka wapi kama si mfukoni mwake? Na mwanamke akienda ofisini peke yake, wapo wanaomwona hana watu. Haya, aje. Akae nje. Au aingie anyamaze, kama anaweza. Sidhani.

Wewe sema ilivyo. Mwalimu amepeleka habari kwamba Hamza anasinzia darasani na usiku analala na mdogo wake bila mtu mzima. Ni kweli, wewe uko bandarini unawauzia chai na mihogo madereva wa malori ya korosho. Usianze na "ilikuwa siku moja tu". Sema unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi, na kuanzia sasa nani analala nao. Kama Mama Zuhura jirani amekubali, nenda naye. Huyo atakufaa kuliko mjomba. Na Hamza usimfundishe maneno. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na afisa anaweza kutaka kumsikiliza peke yake. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana sentensi ya kwanza tu.

Kunyang'anywa watoto kusikutetemeshe. Nimemwuliza mtendaji wetu, kanieleza kwamba amri ya kumtoa mtoto kwa mzazi akalelewe kwingine ni ya mahakama, haiandikwi mezani pale. Sheria hiyo inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na chanjo, elimu, hata kucheza. Wanao wanakula, wamechanjwa, wanasoma. Lililopungua ni mtu wa usiku, na mtu anatafutwa. Wakikupangia afisa aje nyumbani kuangalia, mkaribishe, usiombe siku ya kufagia.

Mwalimu naye usimnunie. Mimi nilimnunia, nikisoma ujumbe wako nilisema moyoni huyu naye kakosa kazi. Lakini nani mwingine aliona mtoto anasinzia? Amemwona, kasema. Ningetaka asinyamaze, ila ningetaka akuite wewe kwanza. Sijui nimuweke wapi.

Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, nimempa konda wa basi la asubuhi, uipokee stendi.

Baba yake Hamza analala wapi usiku huo wote hukuniuliza, na mimi sijasema kitu. Nayameza hapa hapa, japo unajua ninavyofikiri. Ukitoka ofisini nipigie mimi kwanza, kabla ya mjomba wako na kabla ya huyo.

Mama yako