Maswali ya Wasomaji: Jaribio Linapowaangusha Wasio na Kosa

SWALI: Darasa letu lina repo moja, yaani hifadhi ya pamoja ya mafaili, ya majaribio ya mradi wa programu: kila jaribio lina data ya kuingiza na matokeo yanayotarajiwa. Kila mwanafunzi anaongeza yake, na sote tunayatumia. Nilituma matano, programu yangu inayapita yote, lakini wenzangu wanasema mawili ni mabovu. Jaribio linakuwaje bovu ilhali kodi yangu (maandishi ya programu) ni sahihi?

JIBU: Tunashuku uliendesha programu yako, ukachukua ilichochapa na kukibandika kwenye faili la matokeo yanayotarajiwa. Jaribio la namna hiyo linanakili programu yako pamoja na makosa yake. Matokeo yanayotarajiwa hutoka kwenye maelezo ya mradi, na hukokotolewa kwa mkono kabla hujaendesha chochote.

Tuseme maelezo yanadai hivi: soma namba, moja kila mstari, uchape wastani kwa desimali mbili, faili likiwa tupu, chapa HAKUNA DATA na utoke kwa msimbo 1 (namba ambayo programu huirudisha inapomalizika). Ukiingiza 2, 3 na 3, jumla ni 8, wastani 2.67, na hakuna wa kubisha. Sasa ingiza 1 moja na sifuri saba. Wastani ni 0.125 kamili. Lugha ya Python ikiambiwa ichape desimali mbili hutoa 0.12, maana namba iliyo katikati kabisa huisogeza kwenye tarakimu shufwa. Lugha ya Java, kwa String.format, hutoa 0.13. Maelezo hayakutaja kanuni ya kukadiria, kwa hiyo aliyetumia Python na aliyetumia Java wote wametii. Jaribio hilo liondolewe mpaka mwalimu aongeze kanuni.

Faili tupu, kinyume chake, ni jaribio la thamani: linawanasa wanaogawanya kwa sifuri. Ila hakikisha faili ni tupu kweli. Vihariri vingi huongeza alama ya mstari mpya unapohifadhi, na hapo umetengeneza faili lenye mstari mmoja mtupu, jambo ambalo maelezo hayakulizungumzia. Amri ya wc -c, inayohesabu baiti za faili, ikupe 0. Ikikupa 1, futa ulitengeneze upya. Na usikague maandishi pekee. Programu inayochapa HAKUNA DATA kisha ikatoka kwa msimbo 0 haijatimiza sharti, na hili husahaulika mno.

Kabla ya kutuma, iharibu programu yako kwa makusudi: gawanya kwa idadi jumlisha moja, au futa sharti la faili tupu. Jaribio linalohusika lazima lianguke. Lisipoanguka, halipimi kitu.

SWALI: Jaribio langu linapita kwangu, linaanguka kwa mwenzangu, na kodi tunayoipima ni ileile. Tatizo nini?

JIBU: Anza na miisho ya mistari. Windows kwa kawaida humaliza mstari kwa baiti mbili, Linux kwa moja, na kwa macho huoni tofauti. Pitisha faili la matokeo kwenye od -c, amri inayoonyesha hata alama zisizoonekana: ukiona \r kabla ya \n, umempata mchawi. Weka mstari *.out text eol=lf kwenye faili la .gitattributes ili Git, programu inayotunza repo na historia yake, impe kila mtu namna moja.

Kama siyo hilo, angalia mpangilio. Seti ya maneno katika Python inaweza kutoka kwa mpangilio tofauti kila programu inapoendeshwa, hata kwenye kompyuta ileile. Maelezo yasipodai mpangilio, jaribio lipange pande zote mbili kabla ya kulinganisha. Namba za desimali nazo zisilinganishwe kwa usawa kamili: 0.1 + 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Ruhusu tofauti ndogo, mfano 0.000001, ikiwa namba zenyewe si kubwa wala ndogo kupindukia.

Mengine ni ya kawaida: njia ya faili inayoanzia kwenye folda yako ya nyumbani, au jaribio linalotegemea faili lililoachwa na jaribio lililotangulia. Liendeshe peke yake, kwenye nakala mpya ya repo, utajua.

SWALI: Je, kushirikiana majaribio si kuibiana kazi?

JIBU: Hilo huamuliwa na kanuni za somo lako, soma, au uliza kwa maandishi. Hata pale panaporuhusiwa, usipandishe jibu lako humo. Git hukumbuka: faili la kodi ulilolipandisha kisha ukalifuta bado limo kwenye historia, na yeyote anaweza kulitoa. Kagua git status, amri inayoorodhesha mafaili yaliyobadilika, kabla ya kuhifadhi badiliko, na uongeze mafaili kwa majina yake badala ya kutumia nukta (git add .) inayobeba folda nzima.

SWALI: Tunabishana kuhusu jaribio moja, na kila mtu anaona yuko sahihi. Nani aamue?

JIBU: Sentensi ya maelezo ya mradi. Kila jaribio liandikwe juu yake sehemu ya maelezo linayoipima, na lipewe jina linalojieleza, kama wastani-faili-tupu, si jaribio5. Mwenye jaribio akishindwa kuonyesha sentensi hiyo, litoke. Sentensi ikiwepo lakini inasomeka kwa njia mbili, aulizwe mwalimu, na jibu lake libandikwe kwenye ombi la kuunganisha (pull request, yaani ombi la kuingiza badiliko kwenye repo) ili mabishano yaleyale yasirudi kwa mlango mwingine.