Binti yangu na Rosa Mistika

SWALI: Shikamoo, Shangazi. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu wa miaka 13 nimemkuta anasoma Rosa Mistika. Mna ulevi, mapenzi, hata kutoa mimba! Nimeificha kabatini. Nimekosea?
– Baba mwenye mashaka, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ilitoka 1971, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa hofu kama yako. Lakini angalia kilichomo. Zakaria anampiga bintiye, Rosa, kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakwenda shule ya bweni akiwa na woga tu, hajui lolote kuhusu wanaume. Mimi naona ukali huo ndio uliomponza. Na wako, akikuletea chakula pale Mwaloni, anasikia maneno mazito kuliko ya kitabuni, tena hakuna anayemweleza yanaishia wapi.

Hata hivyo Rosa anajiua, na hilo mtoto wa miaka 13 asilisome peke yake. Mrudishie kitabu, asome na mama yake, sura kwa sura, aulize anachotaka. Vile vijitabu vinavyoandika ngono ili kusisimua tu, hivyo mnyime kabisa.