Kiambishi kimoja cha Kigiriki kilivyoniumbua

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri barua za zamani za Mwingereza mmoja mwenye shamba. Katika mojawapo alilalamika kwamba "cacography" ya karani wake inamchosha macho. Kwa haraka zangu nikasoma "cartography", nikaandika kwamba ni ramani za karani ndizo zinazomchosha, kisha nikaikabidhi kazi. Mteja wangu, mzee mstaafu, alinipigia simu akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, hizo ramani ziko wapi? Humu mimi naona hesabu za magunia tu." Kumbe neno lile maana yake ni mwandiko mbovu.

Tangu siku hiyo, nikikutana na neno la Kiingereza linaloanza na "caco-", husimama kwanza. Kiambishi hicho kinatokana na neno la Kigiriki "kakos", yaani -baya au -ovu, na kimezaa maneno ambayo hata Waingereza wengi wa leo hawayajui. Kwa hiyo usihangaike kukariri neno zima, litenganishe. Sisi tunaoweza kumshusha mtu hadhi kwa kumwita jitu au kijitu hatupaswi kuona ugeni katika "cacodemon", pepo mbaya, jina ambalo Malkia Margaret anamvurumishia Richard katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Richard wa Tatu.

Ukishalitenganisha, litafutie kinyume chake. Katika daftari langu "cacophony", sauti zinazokwaruza masikio, imekaa mkabala na "euphony", sauti tamu. "Cacography" inatazamana na "calligraphy", mwandiko mzuri. Na "cacodoxy", imani potofu, inatazamana na "orthodoxy", imani sahihi. Jozi ninayoipenda kuliko zote ni ya "kakistocracy", iliyobaki na herufi k za Kigiriki na ambayo ilikwisha kuandikwa kwa Kiingereza mwaka 1644, Waingereza wakiwa vitani wao kwa wao. Ndani yake mmefichwa "kakistos", -baya kuliko -ote, kwa hiyo ni utawala wa watu wabaya kuliko wote. Kinyume chake ni "aristocracy", ambayo kwa asili ni utawala wa walio bora, ingawa leo tukilisikia tunawaza makabaila na majumba yao. Katika ukoo huohuo imo "cacotopia", nchi ya mabaya matupu, neno alilolitumia mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, na ambalo mwanafalsafa mwenzake John Stuart Mill alilitamka katika bunge la Uingereza mwaka 1868 alipokuwa akiishambulia sera ya serikali kuhusu Ireland.

Neno "cacoethes" nalo lina kisa chake. Kwa Wagiriki lilihusu tabia mbaya, na matabibu wakalitumia kwa vidonda sugu. Juvenal, mshairi wa Kirumi, akalitumia kuwakejeli watu wenye mwasho wa kuandika usiotibika. Ugonjwa huo ninao.

Jihadhari, hata hivyo, na maneno yanayofanana kwa sura tu. "Cacao", yaani kakao, asili yake ni Meksiko wala si Ugiriki, na vivyo hivyo "cacomistle", mnyama mdogo wa huko mwenye mkia mrefu. Upande wa pili yapo yanayojificha: "cachexia", neno ambalo madaktari bado wanalitumia kwa mwili unaokonda na kudhoofika kwa saratani au kifua kikuu, limetokana na "kakos" hiyohiyo, ila limepoteza irabu yake njiani.

Unapotafsiri, usiandike "kakografia", kwa maana msomaji hatafaidika na chochote. Niliporekebisha ile barua, kalamu ilinivuta niandike kwamba karani aliandika kama kuku aliyeparura mchanga, lakini yule bwana alikuwa amechagua neno la kisomi ili amdharau mtumishi wake kwa lugha ya heshima, na mparuro wa kuku ungeliondoa dharau hiyo ya chini chini. Nikaandika "ubovu wa mwandiko wa karani wangu", na mzee akaipokea.