Mmeuliza rangi, mimi nitajibu damu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, sigara ya kielektroniki huchafua meno kama sigara ya kawaida?", nililisoma nikalipita. Kilichonirudisha ni jibu la yule msomaji mliyemchapisha wa kwanza, anayesema tangu ahamie vepu meno yake yamekuwa meupe kama ya mtoto, kwa hiyo kinywa chake kimepona. Hilo neno "kimepona" limenikosesha usingizi.

Tumalizane na rangi kwanza. Hapana, haichafui kama sigara. Kinachopaka meno ile kahawia ya mvutaji zaidi ni lami, na lami huzaliwa jani la tumbaku linapoungua. Ndani ya vepu hakuna kinachoungua. Kuna kimiminika kinachopashwa moto mpaka kiwe mvuke. Inabaki nikotini, ambayo yenyewe haina rangi ila ikikutana na hewa hugeuka. Aliyewahi kusahau kichupa cha kujazia kikiwa wazi anajua: kilikuwa kama maji, siku chache baadaye kimekuwa rangi ya chai. Hiyo kidogo inaweza kushika jinoni, na mara nyingi hutoka kwa kusuguliwa. Maabara wamepuliza moshi na mvuke kwenye meno ya ng'ombe wakalinganisha. Ya moshi yaliharibika rangi vibaya, ya mvuke yakabaki karibu na yalivyokuwa. (Baadhi ya majaribio hayo yamefanywa na watafiti wa makampuni ya sigara yenyewe. Sisemi walidanganya. Nasema tu kwamba wao ndio waliochagua kipimwe nini.)

Basi, jibu lenu hilo hapo. Sasa nijibu swali ambalo hamkuuliza.

Nilivuta sigara miaka 16. Nilipohamia vepu, wiki ile ile nilikwenda kukwanguliwa ukoga, kwa hiyo meno yalipoanza kung'aa sikujua nimshukuru nani, vepu au yule aliyekwangua. Nikaishukuru vepu. Nikawa nacheka midomo wazi kwenye kila picha. Mke wangu ndiye aliyeanza kuuliza maswali. "Baba Neema, mbona siku hizi unalala na jagi la maji?" Nikamwambia ni joto.

Miaka miwili na ushee ikapita hivyo, mpaka gego moja lilipomeguka nikitafuna. Nikaenda kwa daktari wa meno, binti mdogo tu, aliyekuwa akiniita kaka. Kabla ya kuniambia nifungue mdomo akauliza, "Kaka, ukipiga mswaki huwa unatokwa na damu?"

"Hata tone," nikasema. Nilisema kwa majivuno, kama mtu aliyeulizwa iwapo ana deni.

"Unavuta?"

"Niliacha."

Hakuongeza neno. Alichukua kichuma chembamba chenye mistari myeusi kama rula, akakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, akaanza kumtajia namba msaidizi wake aliyekuwa ameketi na karatasi. Tatu, mbili, tatu. Mbili, mbili, tatu. Nina meno 29, na kila moja hupimwa mahali sita, matatu kwa nje na matatu kwa ndani. Piga hesabu mwenyewe muda niliolala pale nikitazama taa. Binadamu akisikia namba hutafuta maana, nami nikajipa maana yangu: ni alama. Meno ya mbele nilikuwa napata mbili na tatu, nikasema aa, ya mbele hayo huwa yanachakaa. Tulivyozidi kwenda nyuma ndivyo alama zilivyopanda. Nne, tano, nne. Nikatulia kwenye kiti. Tano, tano, nne. Tulipofika kwenye gego la juu upande wa kulia akasita, akapima tena, akasema "sita", na nakuapia, Mhariri, nilifurahi. Nilijisemea hilo ndilo jino langu bora.

Msaidizi akainua macho kwenye karatasi akanitazama. Hapo furaha ikaanza kupungua.

Daktari akaniketisha, akanipa kioo. Zile zilikuwa milimita. Ni kina cha mfuko ulioko kati ya jino na ufizi. Moja mpaka tatu ni salama, nne na kuendelea maana yake kuna mahali ufizi unaachia jino, na mswaki haufiki huko. Nikamwuliza itawezekanaje, mbona hakuna maumivu, hakuna damu, na meno ni meupe. Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati langu, ambako kile kifaa kilikuwa kimechungulia muda wote. "Kaka, hiyo 'niliacha' yako ndiyo hiyo?"

Alichonieleza nakifupisha. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Ufizi uliovimba kwa uchafu hutakiwa uwe mwekundu na utoke damu ukiguswa na mswaki. Hiyo ndiyo kengele yake. Mtu anayeingiza nikotini kutwa nzima amekata waya wa kengele, awe anaiingiza kwa moshi au kwa mvuke. Ufizi wake unakuwa na rangi ya kupauka, mgumu, wa kupendeza kabisa kwenye kioo, huku mfupa wa chini unaliwa. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha chochote. Nilifichiwa.

Na lile jagi la maji? Kimiminika cha vepu kwa kawaida ni propilini glaikoli na gliserini, halafu ladha na nikotini. Hiyo ya kwanza hupenda maji, ikipita kinywani huyavuta, na kinywa kinabaki kikavu. Watu hudharau mate. Mtu mzima hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, na kazi yake si kulainisha chakula tu: huzimua asidi na kulirudishia jino madini yake. Kipimo cha asidi kinywani, pH, kikishuka chini ya 5.5 hivi (kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi), enameli, lile ganda gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini, na asiye na mate hana wa kumzimia moto huo. Gliserini nayo ni nzito na ina utamu wake. Kuna jaribio la maabara lililochapishwa 2018 lililoonyesha kuwa mvuke wenye ladha tamu uliwafanya bakteria wa kutoboa meno washike kwenye enameli mara nne zaidi, na enameli ikapoteza ugumu kwa asilimia 27 ikilinganishwa na mvuke usio na ladha. Ni maabara, si kinywa cha mtu, sawa. Lakini mimi ladha yangu ilikuwa stroberi na krimu, miaka miwili, kila baada ya dakika chache. Mvuta sigara huwasha, humaliza, huzima. Vepu haimaliziki.

Nilipokaa kuandika nilikuwa nimekusudia kuwaambia kwamba vepu ni mbaya kuliko sigara kwa sababu sigara angalau haikufichi rangi yake. Ni sentensi nzuri, nilikuwa nayo kichwani tangu jana. Naifuta, kwa sababu si kweli. Sigara nayo hukata waya ule ule wa kengele, tena huongeza lami, moshi na joto, na saratani ya kinywa juu yake. Halafu kuna jambo ambalo daktari aliniambia nikalipuuza kwa kuwa lilikuwa linaharibu hadithi yangu: hawezi kujua, katika ile sita, milimita ngapi ni za vepu na ngapi ni za sigara za miaka 16. Mimi nilitaka aseme zote ni za vepu. Alikataa. Ufizi hauliwi kwa siku moja, alisema, na mimi nilifika kwenye vepu nikiwa tayari nimeliwa.

Hon Lik, mfamasia wa China aliyebuni kifaa hiki mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuwa mvutaji mwenyewe, na baba yake, mvutaji pia, alikufa kwa saratani ya mapafu. Hakukaa chini kutafuta namna ya kung'arisha meno ya mtu. Sisi ndio tuliokigeuza dawa ya meno.

Kwa hiyo, mkinibana niseme ndiyo au hapana: mdogo wangu anamaliza pakiti kwa siku, na nimemwambia ahamie vepu kama kuacha kabisa kumemshinda. Ndiyo, mimi huyu huyu. Ila nimemwambia asichanganye vyote viwili, apunguze nguvu ya nikotini kadiri anavyoweza, asukutue kwa maji kila mara, aachane na ladha za pipi, na aende kupimwa kwa kile kichuma hata kama kioo kinamsifu. Binti yangu ambaye hajawahi kuvuta kitu nimemwambia jambo jingine kabisa, na halikuwa na "ila" ndani yake.

Mimi mwenyewe nilikwanguliwa chini ya fizi kwa ganzi, mara mbili, upande mmoja kwa siku moja. Nikaacha nikotini. Siku ya 19 nikapiga mswaki asubuhi, nikatema, povu likawa la waridi. Daktari alikuwa amenionya kuwa damu inaweza kurudi, nisiogope, lakini kusikia na kuona ni mambo mawili. Nilisimama pale na bomba likimwagika. Nikamwita mama Neema aje aone. Akasema, "Sasa ndiyo unafurahi?" Sikujua nimjibu nini. Wiki chache baadaye, siku ya msiba mmoja, nilirudi kwenye kifaa, na mpaka leo kipo, hakina ladha, nikotini yake kidogo, nacho nimekivuta mara mbili tangu nianze barua hii. Msinichapishe kama mtu aliyeshinda.

Mwezi uliopita nilipimwa tena. Msaidizi alikuwa yule yule, na karatasi nyingine. Nililala nikihesabu pamoja naye, safari hii nikiombea alama ndogo. Tulipofika kwenye gego la juu kulia, daktari alipima mara mbili kama ile siku, kisha akasema tano.