Jumamosi ilivyowashinda Wayahudi wa New York

Swali linarudi kila mara kutoka nyumbani, kwetu sisi Waislamu tulioko Marekani: "Wayahudi wamekaa Marekani miaka na miaka na dini yao ipo. Nyinyi huko watoto wenu wanawaponyoka, mnashindwa nini?" Ndugu zangu, mmeona waliobaki tu. Wengi iliwaponyoka, tena upesi, ndani ya vizazi viwili. Na haikuanzia moyoni, ilianzia kwenye siku ya mshahara.

Tuwatazame wale waliotoka himaya ya Urusi na nchi jirani kati ya 1881 na 1924, watu zaidi ya milioni 2. Wengi walishukia New York wakabanana mtaa wa Lower East Side. Nyumba namba 97 ya Orchard Street leo ni makumbusho. Ukiingia unakuta vyumba vitatu ambavyo vyote kwa pamoja ni kama mita za mraba 30. Familia ililala humo, cherehani ilikuwa humo, na pasi zilipashwa juu ya jiko la makaa humo humo. Kazi ya nguo ilikuwa siku sita, mapumziko Jumapili. Sabato yao inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, na saa hizo hakuna kushona, hakuna kuwasha moto, hakuna kushika pesa. Asiyeonekana kiwandani Jumamosi, Jumatatu alikuta mwingine kwenye kiti chake.

Mwenye duka lake naye hakupona. Akifunga Jumamosi kwa ajili ya Mungu, serikali ilimfungia Jumapili kwa sheria, hivyo yeye anapoteza siku mbili na jirani yake moja. Wenye maduka wa Philadelphia walilifikisha jambo hili Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1961 wakashindwa. Njia ya wengi ikawa kusali alfajiri ya Jumamosi, kisha kwenda kazini. Sheria ya kazi ya 1938 ndiyo iliyofungua njia ya wiki ya saa 40, na Jumamosi ikaanza kupatikana. Lakini watoto walikuwa wameshakua wakimwona baba akitoka na mfuko wa chakula siku ya Sabato, na mtoto hufuata anachokiona.

Husemwa pia kwamba walibadilishiwa majina walipofika; hilo nalo limepotoshwa. Makarani wa Ellis Island, kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, hawakuwabadilishia watu majina. Walikuwa na orodha iliyoandikwa kule meli ilikotoka, wakasoma na kuhakiki. Majina yalibadilishwa miaka mingi baadaye, kortini, kwa maombi ya wenyewe, mara nyingi na watu waliokwisha kujua Kiingereza vizuri kabisa. Sababu ilikuwa fomu: za kazi, na za vyuo. Harvard na Columbia zilipunguza Wayahudi miaka ya 1920, na jina lilikuwa la kwanza kumtoa mtu.

Kilichosimama imara, na hapa mtu wa Pwani atakielewa bila kufafanuliwa, ni chama cha kuzikana. Watu wa mji mmoja wa kule kwao walichanga kila mwezi. Kwa mchango huo mwanachama alipata daktari wa mkataba, posho akiugua, na kiwanja cha kaburi. Vingine vililipa hata siku saba za kukaa msibani, kwa sababu mfiwa haendi kazini. Hata wasoshalisti waliocheka marabi, viongozi wao wa dini, walitaka wazikwe na watu wao. Nenda makaburi ya Queens uone malango ya mawe yenye majina ya miji midogo ya Poland na Ukraine, mingine haina Myahudi hata mmoja leo.

Jambo lililoharibika vibaya ni kutaka mkubwa mmoja wa wote. Mwaka 1888 masinagogi kadhaa yalimleta Rabi Jacob Joseph kutoka mji wa Vilna, Lithuania ya leo, awe rabi mkuu wa New York. Mshahara wake ulitegemea senti moja kwa kila kuku mwenye kibandiko cha kosheri, yaani halali kwao. Wanawake wakasema hii ni kodi ya nyama tuliyoikimbia Urusi, wauza nyama wakagoma kutii, marabi wengine wakamkataa. Aliugua, akafa mwaka 1902 bila mamlaka. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, bei ya nyama ya kosheri ilipanda kutoka senti 12 hadi 18 kwa ratili, na akina mama wakasusia mabucha mpaka bei ikashuka. Kwa hiyo dini bado ilikuwa jikoni, rabi mkuu akiwepo au asiwepo.

Wayahudi wa Ujerumani waliotangulia kuja walikwisha chagua njia nyingine, ya kulegeza sheria. Cincinnati, 1883, karamu ya mahafali ya marabi wao wa kwanza iliandaliwa kaa, kamba na mapaja ya chura, vyote haramu kwao. Wahafidhina, tawi jingine la dini hiyo, wakashika katikati, na mwaka 1950 kamati ya marabi wao ikaruhusu kuendesha gari siku ya Sabato, mradi liende sinagogi tu. Kwa maoni yetu ruhusa hiyo iligharimu kuliko ilivyoonekana: mwenye gari hana haja ya kuishi karibu na mwenzake, na watoto wake hawachezi na watoto wa wenzake. Utafiti wa taasisi ya Pew wa 2020 ulikuta kwamba kati ya Wayahudi waliooa au kuolewa tangu 2010, asilimia 61 walifunga ndoa na wasio Wayahudi. Waorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria zote kwa ukali, hawamo sana humo.

Hao Waorthodoksi hutembea kwa miguu, basi nyumba zao zimezunguka sinagogi na kodi za nyumba za mtaa huo hupanda. Siku ya Sabato hairuhusiwi kubeba kitu nje, hata mtoto mchanga, isipokuwa ndani ya uzio. Kwa hiyo hufunga waya juu ya nguzo kuzunguka mtaa mzima, na kila wiki mtu huupita kuukagua. Waya ukikatika, tangazo hutoka na akina mama wenye vigari vya watoto hubaki ndani. Shule za kidini ndizo zinazowamaliza: New York ni kawaida kulipa zaidi ya dola 20,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka.

Na aliyeuliza kama nyama yao inatufaa Waislamu: mchinjaji wao husoma baraka mara moja mwanzoni, kisha anaendelea na wanyama wengine, kwa hiyo muulize shehe wako kama hilo linatosha. Kwenye pakiti tafuta herufi U ndani ya duara, alama iliyowekwa kwenye maharage ya Heinz tangu 1923. Ikifuatwa na D huenda kuna maziwa, na P maana yake inafaa Pasaka yao. Herufi K peke yake haina mwenyewe, yeyote anaweza kuichapa. Penye U ya duara nguruwe hutamkuta, ila pombe inaweza kuwemo, kwani divai kwao ni halali. Soma viungo.