Mzee si mbishi, muulize choo kiko wapi

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Mvua kubwa zikitabiriwa, tuwafanyeje wazee wetu wanaokataa kuondoka mabondeni?" Kijiweni kwetu jibu la swali hilo huwa fupi: wabebwe, wapende wasipende. Mimi langu ni refu kidogo.

Nauza dawa katika duka dogo hapa Kigogo, Dar es Salaam, upande ule unaoteremka kuelekea Mto Msimbazi. Mtaani muuza dawa huitwa daktari, nami nilishachoka kukanusha. Wateja wangu wakubwa ni wazee wa presha na kisukari. Nje nimeweka benchi, wanakaa, wanapumzika, wanaongea. Nimewasikia vya kutosha kusema kwamba wengi wao hawakatai kuondoka. Wanachokataa ni kuhamishiwa mahali ambapo hakuna aliyewaeleza watajisaidia wapi, watalala kwenye nini, na vitu vyao vitabaki na nani. Katika hayo matatu, la choo ndilo zito, na halitajwi kwa sababu kila mtu anaona haya.

Siku moja redio zilikuwa zinatangaza mvua kubwa. Nikamwuliza bibi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi:

"Shikamoo bibi. Umesikia habari za mvua? Si uende kwa mwanao Kimara?"

"Marahaba baba. Kimara kwenyewe choo kiko nyuma ya nyumba, unashuka ngazi za udongo. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Mie nina magoti? Na usiku naamka, naamka tena, kwa hizi dawa zako."

Ukimsikiliza vizuri, bibi amepiga hesabu zake. Maji kuingia ndani kwake anaona ni jambo la huenda. Kuanguka kwenye zile ngazi gizani anaona ni la uhakika, na mzee akivunjika nyonga wote tunajua anavyoishia kitandani. Mwanawe analalamika kwamba mama mbishi. Hajawahi kumwuliza habari za ngazi.

Hizo "dawa zako" alizosema ni za presha zile zinazokojoza. Hapa niseme jambo ambalo sisi wa madukani tunaliona na wengine hawalioni. Mzee akijua anakwenda kulala kwa watu, au darasani na watu wasiomjua, anaacha kumeza kidonge hicho kimyakimya ili asisumbue. Wa presha ya kawaida anaweza kukaa siku mbili tatu bila kuonyesha dalili. Mwenye moyo uliochoka akikaa hivyo, miguu inavimba, kifua kinabana, anashindwa hata kulala chali. Mafuriko hayakumgusa, lakini yamemlaza hospitali. Dawa isiachwe. Kabla ya masika, akienda kliniki, mwulizeni daktari kama anaweza kuimeza asubuhi badala ya jioni, usiku apate usingizi.

Na choo chenyewe kina dawa yake, wala si ya bei. Chukua kiti cha plastiki kilicho imara, fundi akitoboe katikati, weka ndoo yenye mfuniko chini yake, ning'iniza pazia kwenye kona. Kiti hicho kikifika Kimara kabla ya bibi, nusu ya mjadala imekwisha.

Sasa tuangalie tunakowapeleka. Maji yakishaingia majumbani, watu wengi huishia kwenye shule. Darasa ni kubwa na lina paa, lakini vyoo vya shule ni vya watoto, vya kuchuchumaa, na foleni yake si mchezo. Tuwakumbuke pia wale wa mafuriko ya Desemba 2011. Mvua zile zilitajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, watu zaidi ya 40 wakafa hapa jijini, na waliotolewa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, kule pembezoni mwa jiji. Kiwanja ni kitu kizuri kwa kijana mwenye nguvu za kuanza upya. Kwa mzee ambaye kliniki yake, msikiti wake na mjukuu anayemchotea maji wote wako Kigogo au Jangwani, Mabwepande ilikuwa safari. Baadhi ya watu walirudi bondeni, na kabla hatujawacheka tuangalie walichokuwa wanakifuata.

Upande wa tahadhari siku hizi hatuna shida kubwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku tano wenye rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani yetu, taarifa zilitoka mapema, boti za Zanzibar zikasimama, kila simu ilikuwa na ile ramani. Ila taarifa huandika "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji", na mzee akisikia hivyo anatazama juu, anaona jua, anaendelea kupepeta mchele wake.

Mfafanulieni mto. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unakuja kumwaga baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua inaweza kunyesha huko juu sisi huku tukianika nguo, na maji yakatufikia baadaye. Kama yamekutana na bamvua, yaani zile siku bahari inapojaa kupita kawaida, mto hauna pa kumwagia, basi yanarudi nyuma kutufuata. Hili la bamvua wazee wa pwani wanalijua kuliko wewe na mimi. Mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu wanauhesabu vidoleni. Ukimwambia mzee "mvua kubwa imetabiriwa na wiki hii ni bamvua", umeongea lugha yake, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayesema tuondoke lini.

Kuondoka kuwe mapema, mchana, barabara ikiwa bado kavu. Maji yakishajaa, bajaji haiji, bodaboda haiji, na unabaki na mgongo wa kijana mmoja. Maji ya kasi yakifika magotini yanamwangusha mtu mzima mwenye afya, sembuse aliyebeba mama yake. Na chini yake huoni mtaro usio na mfuniko wala shimo la choo lililotitia. Ikibidi kupita, wa mbele ashike fimbo ndefu apime kila hatua. Meni swichi izimwe kabla maji hayajaingia ndani. Ukishasimama kwenye maji usiiguse.

Mfuko wa mzee uandaliwe wiki za mwanzo za Machi, na tena Oktoba kabla ya vuli, utundikwe kwenye msumari mahali pa juu. Mimi nawaambia wateja waweke dawa za wiki mbili ndani ya mifuko miwili ya nailoni, cheti cha daktari au picha yake kwenye simu ya mwana, kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima kama ipo, miwani, betri ya kifaa cha kusikia, na kanga au shuka kavu. Watu hukumbuka godoro na runinga. Baada ya mvua wanakuja dukani wananiambia, "Daktari, nipe kile kidonge cheupe cha baba." Vidonge vyeupe nilivyo navyo vinajaza kabati.

Wa insulini wana jambo lao. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, lakini iliyokwisha kuanza kutumika hukaa nje ya friji wiki nne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kutegemea aina. Umeme ukikatika, iwekwe kwenye kichupa kilichofungwa, ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa chenye maji, kivulini penye upepo. Isiguse barafu. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Mtanisamehe nikitoka bondeni kidogo, maana swali lenu limetaja mvua tu, na mimi naona Januari na Februari zinawatesa wazee vilevile, bila kelele. Nyumba ya bati isiyo na dari, madirisha yamefungwa usiku kwa kuogopa vibaka, feni imesimama kwa sababu luku imeisha. Mwili wa mzee hauhisi kiu kama wetu. Na hata akihisi, hanywi, kwa sababu ileile: choo kiko uani na usiku kuna giza. Nimeshamsikia babu akisema anafunga maji kuanzia saa kumi jioni. Halafu anameza dawa ya kukojoza. Mtu wa hivyo akianza kuongea vitu visivyoeleweka mchana wa Februari, ngozi ikiwa ya moto, familia inasema ni uzee au malaria. Mwondoeni juani, mlowesheni kwa kanga zenye maji shingoni na kwapani, mpepeeni, mkimbizeni hospitali. Asinyweshwe kitu akiwa hajitambui. Na kile kiti cha plastiki chenye ndoo, kumbe kina kazi ya mwaka mzima.

Maji yakishapungua ndiyo wateja wangu wanaongezeka. Vyoo vimetapika, visima vimechafuka, na kipindupindu hapa Dar tunakijua, mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia kwetu kabla haujasambaa mikoani. Mzee akiharisha maji, anakauka kwa saa chache. Msisubiri kesho. Mpeni ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, njiani mkienda kituoni, na kama haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Hata mwenye kisukari anywe, apimwe akifika.

Dengi nayo hutufuata baada ya mvua, kama ilivyokuwa 2014 na 2019. Mbu wake anauma mchana, na mzee hulala mchana, kwa hiyo chandarua kishushwe hata saa nane. Homa ikija na maumivu ya viungo, msije kwangu kutaka diklofenaki wala aspirini, zinaweza kuleta kutoka damu. Parasetamoli, maji, na kipimo. Lakini aspirini ambayo daktari amemwandikia mzee kwa ajili ya moyo msimwachishe wenyewe, mkamwulize aliyeiandika.

Sasa nani afanye yote haya? Serikali ya mtaa ina sehemu yake, Zimamoto wana namba yao, 114, na wanakuja. Lakini usiku wa mafuriko wanaitwa na jiji zima. Mimi nadhani kinachokosekana kwetu ni kitu kidogo kuliko gari la uokoaji. Mjumbe wetu anajua kila nyumba yenye mgonjwa wa kitandani, kipofu, mama aliyejifungua juzi, mzee anayekaa peke yake. Anajua kwa kichwa. Wenye bajaji, wenye nyumba za ghorofa na vijana wenye mabega hawajui. Wakae siku moja, kabla ya Machi, kila mzee apewe mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu, na wa pili akiwa wa kwanza yuko kazini Kariakoo. Isiandikwe "vijana wa mtaa". Vijana wa mtaa ni wengi, na ikifika saa nane za usiku kila mmoja anaamini mwenzake amekwenda. Na mafuta ya bajaji yachangwe siku hiyohiyo, maana mwenye bajaji naye ana marejesho ya wiki.

Vitu vinavyobaki nyumbani navyo viwe na mlinzi anayejulikana. Mzee aliyewahi kurudi akakuta mabati yake yamechukuliwa, msimtegemee aondoke kwa hotuba.

Na yupo ambaye mtamfanyia yote hayo na bado atasema haendi. Mzee mwenye akili zake timamu hafungwi kamba, hilo nalisema wazi ingawa najua litapingwa. Lakini asiachwe peke yake. Jirani yangu mmoja, babu wa miaka zaidi ya themanini, ni wa namna hiyo. Mwanawe akainua kitanda kwa matofali, akampa simu ya tochi yenye chaji, akapanga mjukuu alale chumba kimoja naye kila tahadhari ikitoka. Kisha wakakubaliana alama: maji yakifika kwenye mwembe wa jirani, babu anaondoka bila mjadala. Mwembe aliuchagua mwenyewe. Mimi nilimwambia uko karibu mno, achague ule mnazi wa kule chini. Akasema mimi nimezaliwa juzi, mnazi ule unazungukwa na maji hata kwa manyunyu. Mwanawe ameniomba niendelee kumbembeleza, na kila akija kuchukua dawa ninaanza na mnazi.